József Eötvös na Karani wa Kijiji

Je, aliyezaliwa katika nyumba ya mabwana aweza kweli kuwasemea wanaoonewa? Swali hili humkabili kila asomaye habari za József Eötvös (1813–1871), baroni wa Hungaria, mwandishi wa riwaya na waziri wa dini na elimu katika mwaka 1848 na tena kuanzia 1867.

Jibu lake bora, kwa maoni yangu, limo katika riwaya yake ya 1845, Karani wa Kijiji. Viola, mkulima mwenye bidii, analazimishwa kufanya kazi ya gari la maofisa siku ile mkewe yu katika utungu wa kuzaa; akipinga, uonevu wao unamgeuza kuwa jambazi. Naye karani Tengelyi, mtu mwadilifu, akiisha kuibiwa hati za uungwana wake, mara anakuwa mtu asiye na kinga. Hapo ndipo baroni anapolishtaki tabaka lake mwenyewe: haki iliyofungiwa kabatini pamoja na karatasi si haki. Ni kweli kwamba mara nyingi mno anaisimamisha hadithi ili akemee. Sisi wahubiri tunaujua ugonjwa huo, basi tusimhukumu kwa ukali.

Lenye kutatiza zaidi ni mwaka 1848. Mapinduzi yalipoanza kumwaga damu, Eötvös aliacha wizara akahamia München, na huko akaanza kuandika kazi yake kubwa juu ya mawazo yaliyoitawala karne ya 19. Simwiti mwoga. Lakini Viola hakuwa na München ya kukimbilia.

Aliporudi madarakani, maandishi yalizaa matunda. Wayahudi, aliokuwa amewatetea kwa kalamu tangu 1840, walipata haki za kiraia mwaka 1867. Sheria ya elimu ya 1868 iliwalazimu watoto wa miaka 6 hadi 12 kusoma shule, tena kwa lugha ya mama. Makanisa yakabaki na shule zao, chini ya ukaguzi wa serikali.

Hata hivyo, sheria ya makabila ya mwaka huohuo, ambayo naye alishiriki kuiandaa, ilikiri taifa moja tu la kisiasa, yaani la Kihungaria. Waslovakia, Waromania na Waserbia walilalamika. Mwaka 1879, miaka minane baada ya kifo chake, Kihungaria kilifanywa somo la lazima katika shule zote za msingi, zikiwemo zile za makanisa.