Vifuko Havijafunguliwa

Juma lililopita nilionyeshwa, kwa bashasha kubwa, picha ya jani moja la kangaga kutoka milima ya Usambara, na ubavuni mwake jedwali la vinasaba, nao waliohudhuria wakapiga makofi wakisema spishi mpya imepatikana. Mimi nilinyamaza, si kwa husuda, bali kwa kuwa hapana aliyeuliza kama vifuko vya spora vilifunguliwa.

Umbo la jani ni shahidi mwongo. Kangaga lililoota kivulini na ndugu yake aliyeota juani huweza kutofautiana hata mgeni akaapa kuwa si wa ukoo mmoja. Anayetaka hakika aanze na magamba ya shina la chini, atazame rangi yake na ukingo wake, kwani katika jenasi ya Elaphoglossum majani huwa karibu sawa yote na gamba ndilo husema. Holttum, aliyeitunza bustani ya Singapore kisha akamalizia umri wake Kew, alivitilia maanani vinywele vya familia ya Thelypteridaceae ambavyo wengine walividharau, na ilmu hiyo ikageuka mikononi mwake. Sampuli isiyo na kitako si sampuli. Mchoro wa wino nao hushinda picha, na hili halihitaji dalili.

Lakini jambo ambalo mwanagenzi hulipita daima ni kuhesabu. Chukua kifuko kilichokomaa ambacho hakijapasuka, kitie katika tone la gliserini chini ya hadubini, kichane kwa ncha ya sindano, usiharakishe, ukizuia pumzi kidogo kwani spora moja ikipotea hesabu yote imeharibika. Katika makangaga yaliyo mengi utakuta 64, zimelingana kama shanga za uzi mmoja, na hapo mmea huzaa kwa kuoana. Ukikuta 32 zilizo nono, jua kwamba kangaga hilo hujinakili lenyewe bila ndoa, na kila tawi la kizazi chake laweza kumghilibu mwenye pupa ya majina. Ama ukikuta vumbi jeusi lililosinyaa, kubwa kwa dogo, basi mbele yako yuko chotara, na yamkini wazazi wake wawili wameota kando ya kijito kile kile. Ni kweli kwamba chotara akizirudufu kromosomu zake spora hutengemaa, naye hustahiki jina. Irene Manton wa Leeds alilibainisha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1950, kwa kuzibana seli chini ya kioo na kuzihesabu kromosomu moja moja.

Vinasaba sivikatai. Ila rbcL, jeni ipendwayo na wenye haraka, hutoka katika kloroplasti, ambayo makangaga kwa kawaida huirithi kwa mama peke yake. Hivyo chotara husomeka kuwa ni mama yake, na baba hajulikani mpaka jeni za kiini zisomwe. Namjua bwana mmoja aliyekusanya michipukizi tu, isiyo na hata sorasi moja, yaani kishada cha vifuko upande wa chini wa jani, akisingizia msimu, kumbe alikwisha kufungua kifuko nyumbani na kuliona lile vumbi jeusi.

Vitabu vya Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki vilianza kutoka mwaka 1952 vikatimia 2012, na hapana aliyeona miaka sitini kuwa ni uvivu. Katika karatasi za zamani za hebaria, ukibahatika kuzishika, utakuta kona moja imebandikwa bahasha ndogo iliyokunjwa kwa mkono, ndani yake magamba machache na chembe za spora, amana kwa atakayekuja kutilia shaka. Nilimwandikia mwenye kangaga lile nikamwomba bahasha kama hiyo. Akaniletea picha nyingine ya jani, safari hii limepigwa upande wa juu.