Chimbuko na Uhalali wa Utawala katika Historia ya Wagogo ya Mathias Mnyampala

Kitabu cha Mathias Mnyampala, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* (1954), hutumiwa zaidi kama ghala la taarifa. Sehemu hii inakihakiki kama masimulizi ya chimbuko, utanzu ambao huhalalisha mamlaka ya wakati wa kuandikwa kwake kuliko unavyoeleza mwanzo wenyewe.

Mfano wa Milki ya Osmani unalifafanua dai hili. Osman wa Kwanza alianza na eneo dogo la Söğüt, mpakani mwa dola ya Bizanti, na mwaka 1302 aliwashinda Wabizanti huko Bapheus. Hata hivyo, tarihi za Kituruki zinazosimulia ndoto yake ya mti uliotandaza kivuli duniani ziliandikwa katika karne ya 15, kizazi chake kikiwa tayari madarakani. Ndoto hiyo haielezi milki ilivyozaliwa. Inaeleza kwa nini kizazi cha Osman, na si cha majirani zake, kilistahili kutawala.

Mnyampala naye, mzaliwa wa Dodoma na mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika katika mfumo uliomtaka kila mtemi awe na asili na mipaka inayojulikana. Jina la kitabu linatangaza kabila moja, lakini masimulizi ya koo yanaonyesha watu waliotoka Uhehe, Unyamwezi na kwingineko, wakakutana katika nchi kame. Mtemi wa Ugogo alisimamia ardhi na mvua. Hongo iliyotozwa misafara ya karne ya 19 haikuzaa dola moja, tofauti na Unyamwezi, ambako Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga himaya kwa nguvu ya rugaruga.

Mvutano huo kati ya jina na masimulizi unaweza kuonekana kuwa udhaifu wa mpangilio, lakini ndio thamani ya kitabu. Tarihi za Osmani zilielekeza yote kwenye ukoo mmoja. Mnyampala aliacha wingi wa asili uonekane. Upungufu wake ni kuzipa koo tawala nafasi kubwa kuliko raia. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, ila matini yake yangali yananukuliwa kana kwamba ni sauti ya Wagogo wote. Kwa hiyo, kila anayeyanukuu hana budi kubainisha kwanza ni ukoo gani unaozungumza.