Furaha Ndogo za Pwani, na Mpunga Uliotwangwa

Kiswahili tunachosema huku kwetu kilikuja kwa miguu. Kilitoka pwani, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa Tanganika pamoja na misafara, kikafika Kasongo na Nyangwe. Basi si ajabu tukitaka kujua watu waliokuwa nacho kwanza waliishi namna gani kwao: walikula nini, walicheza nini, jioni walizungumza nini.

Kiko kitabu cha zamani chenye kutujibu. Jina lake ni «Desturi za Wasuaheli», nacho kilipigwa chapa mjini Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Aliyekitoa ni mwalimu Mjerumani, Carl Velten. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, kijiji kilicho karibu na Bagamoyo. Huyu alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili.

Tuseme kwanza sifa yake. Mtoro hajivuni wala hapambi. Anatuambia mtoto akizaliwa hufanywa nini, akipelekwa chuoni husomeshwa namna gani, vijana huchezaje, mgeni hupokewaje. Anasema jambo moja, kisha la pili, kama mtu anayekuonyesha njia ya kisimani. Ukifika mwisho wa sura unaona kumbe umekaa barazani na watu wale. Unaona sahani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ikipitishwa. Unasikia harufu ya udi katika nguo za wanawake. Kwa mbali ngoma inaanza. Ni mambo madogo, lakini maisha ya kijiji ni mambo madogo hayo hayo. Hata sisi, tukiwa safarini mbali na nyumbani, hatukumbuki mambo makubwa ya nchi. Tunakumbuka ndagala zikianikwa mchangani, na moshi wa mawese sufuriani.

Tena, tumefikiri kwa nini kitabu hiki kimeona mengi hata kuliko vitabu vingine vilivyoandikwa baadaye na watu wenye elimu kubwa. Jibu letu ni hili. Mtu wa Dunda akiwaandikia watu wa Dunda, hawezi kuwaeleza namna ya kumwamkia mkubwa, au namna ya kukaribisha mgeni. Nani asiyejua? Watamcheka. Lakini Mtoro aliandika kwa ajili ya wageni wasiojua kitu, nao walitaka kuelezwa yote. Ndiyo maana yale ambayo kila mtu huyanyamazia, yeye ameyasema. Wengine husema kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Wazungu hakiwezi kuwa chetu. Hatukubali. Maswali yalikuwa ya Wazungu, lakini majibu ni ya mwana wa kijiji, na Kiswahili chake ni kitamu, hakina harufu ya Ulaya.

Hata hivyo kiko kitu kilichotusumbua, nacho hatukukigundua wenyewe. Jioni moja tuliwasomea wazee wachache habari za arusi na karamu za pwani. Walifurahi sana, wakacheka, wakalinganisha na mahari ya kwao. Mzee mmoja tu hakucheka. Babu yake alikuwa mtu wa Manyema. Tulipomaliza akauliza: «Mwanangu, na mpunga ule, alitwanga nani?»

Tukakosa la kumjibu, tukafunga kitabu.

Kesho yake tulikifungua tena, tukakisoma kwa jicho lingine. Ni kweli, katika sura za starehe wali hufika umekwisha kupikwa. Maji hufika yamekwisha kutekwa. Mara chache sana tunaona mkono ulioshika mchi. Mwandishi husema «watu hufanya hivi», lakini watu hao ni waungwana. Wale wengine wamo nyumbani mle mle, wasionekane, mpaka sura yao ifike. Maana sura yao ipo, wala Mtoro hakuificha: ameandika habari za watumwa waziwazi, tofauti ya mzalia na mtu aliyeletwa kutoka bara, na namna mtumwa alivyopaswa kuonyesha unyonge wake mbele ya waungwana. Ameandika vilevile habari za safari za bara. Anaandika yote haya kwa sauti ile ile tulivu aliyoandikia ngoma. Sauti hiyo ilitupendeza tulipokuwa barazani, hapa inatuchoma. Sisi tunajua mwisho wa pili wa njia ile. Mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe. Msafara uliorudi pwani na pembe ulirudi na watu pia.

Je, tumlaumu Mtoro? Kwa jambo moja tunamlaumu: ameziweka furaha sura yake na utumwa sura yake, kama vyumba viwili vyenye ukuta kati, na kumbe nyumba ilikuwa moja. Lakini hatuwezi kusema alidanganya. Mwongo angeiacha sura ile, na yule mzee wetu asingepata jibu popote. Tulirudi kwake, tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tumsomee tena ile ya ngoma.

Mtoro mwenyewe alionja kuambiwa mahali pake. Huko Ujerumani alioa mwanamke Mjerumani, na mwaka 1905 alisafiri naye kurudi kwao. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikamkataza kushuka pwani pamoja na mke wake. Akarudi Ulaya, akafa Berlin mwaka 1927. Pwani aliyoieleza kwa utaratibu hivyo, mpaka sahani ya tambuu, aliitazama kutoka melini.

Chapa ya 1903 ni adimu sasa. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1981. Msomaji akipata maandiko yenyewe ya Kiswahili, asiyasome peke yake kimya. Asome kwa sauti, wazee wakiwepo, na aanze na ngoma.