Wawili Mashuani, na Usharika Ulioachwa Nyuma

Filamu ya John Huston iitwayo The African Queen (1951), iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ni ya vichekesho na mapenzi. Hata hivyo inatuhusu sisi wa mwambao wa Tanganyika kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa meli ya Kijerumani inayowindwa humo ina asili yake katika Graf von Götzen, iliyoundwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Kiini cha kichekesho ni ufinyu wa mashua. Rose, dada wa mmisionari wa Kimethodisti, na Charlie, fundi mlevi, hawana pa kukimbiana. Mapema, mezani, tumbo la Charlie linanguruma naye anaomba radhi, huku wenyeji wake wakimimina chai kama wasiosikia. Baadaye Rose anaimwaga mtoni pombe yote ya mwenzake, kisha ananyamaza na Biblia yake mkononi. Charlie angestahimili kugombezwa. Kimya kile kinamshinda. Aliyekaa katika nyumba ya mchungaji ataelewa! Katharine Hepburn na Humphrey Bogart wameigiza kwa ustadi mkubwa, na Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii.

Lakini ninayo hoja dhidi yake. Filamu inaanza kanisani, ambako waumini Waafrika wanaimbishwa ovyo ili mtazamaji acheke. Kisha askari wanachoma kijiji na kuwaswaga watu, mmisionari anafariki, Rose anaondoka akiwa na kiu ya kisasi. Nilipoitazama pamoja na wanafunzi, tulicheka sana kwenye chai. Ndipo mmoja, mzaliwa wa Ujiji, akauliza: “Mchungaji, wale washarika walipelekwa wapi?” Sikuwa na jibu, maana filamu yenyewe haiwatafuti tena. Swali la Luka 10 juu ya jirani limejibiwa humo kwa mtu mmoja tu, naye yumo mashuani.

Mwishoni meli ya adui inalipuka na wapenzi wanaogelea zao. Meli halisi haikuangamia hivyo. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu: mama wa dagaa, mfanyabiashara, mwinjilisti na mkimbizi wamebanana sitahani usiku kucha, kila mmoja na mzigo wake na mguu wa mwenziwe. Vichekesho vya ujirani wa namna hiyo ningelipa kiingilio kuvitazama.