Kasoro Ilikuwa Kwenye Kihami

Kwa miaka mingi wataalamu wa transista za kikaboni walishikilia dhana ambayo wachache walijisumbua kuitilia shaka, nayo ni kwamba nusukipitishi nyingi za kikaboni hupitisha chaji chanya tu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, ilhali elektroni zenyewe hukwama kwa tabia ya molekuli. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge, wakiwamo Lay-Lay Chua, Henning Sirringhaus na Richard Friend, walidhihirisha katika jarida la Nature kwamba molekuli zilikuwa zikisingiziwa.

Chaji katika transista haisafiri katika unene wote wa utando, bali hupita katika tabaka jembamba mno, pale nusukipitishi inapogusana na kihami kinachoitenga na lango, yaani elektrodi inayotawala mkondo. Kihami hicho kilikuwa mara nyingi oksidi ya silikoni, iliyopendwa, nadhani, kwa kuwa ilipatikana tayari juu ya vipande vya silikoni, wala si kwa kuwa ilichunguzwa ikaonekana yafaa. Usoni pake pana vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na hidrojeni, na elektroni zinazofika hapo hunaswa, hidrojeni ikaachia, pakabaki ioni hasi zisizobanduka, ambazo zikikusanyika huzuia nguvu ya lango hata mkondo ukafifia.

Tiba yao ilikuwa kufunika oksidi kwa polima isiyo na haidroksili, jamii ya benzosaiklobuteni, na kutumia elektrodi za kalisi, ambayo hutoa elektroni kwa wepesi kuliko dhahabu. Polima za jamii ya polifluorini zikapitisha elektroni kwa wepesi wa sentimita za mraba 0.001 hadi 0.01 kwa kila volti kwa sekunde. Si nyingi, lakini hapo kabla palihesabiwa kuwa hapana kitu.

Linalonipendeza zaidi ni kwamba hawakuridhika na mkondo kutokea, maana huenda ukatokea kwa sababu nyingine kabisa. Waliipaka oksidi molekuli za silani zenye minyororo ya urefu mbalimbali, ili kuzitenga elektroni na haidroksili, wakaona kadiri mnyororo ulivyorefuka ndivyo mkondo ulivyochelewa kufa; tena wakaipima kwa mwanga wa infraredi, wakazikuta ioni zenyewe. Hapo tuhuma ikawa ithibati.

Kalisi, hata hivyo, huliwa upesi na hewa, kwa hiyo transista ya namna ile, kama ilivyo, haistahimili nje ya maabara.