Chemli ya Olz

Kuna hadithi ambazo watu huzisimulia kama kichekesho cha kutisha, halafu wanaziacha hapo hapo. "An Alpine Idyll" ya Ernest Hemingway, iliyomo kwenye kitabu chake cha mwaka 1927, Men Without Women, ni mojawapo. Nilipoisoma chuoni nilicheka, nikaenda kumsimulia niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, tukacheka wote. Wiki hii nimeirudia, na kicheko hakikuja.

Ni mwezi Mei, nchini Austria. Msimulizi na rafiki yake John wanashuka na skii zao hadi kijiji cha Galtür, baada ya kukaa milimani siku nyingi wakiteleza kwenye theluji. Ilikuwa safari ya raha, lakini raha imeisha. Theluji ya majira haya inafaa asubuhi na mapema, tena jioni. Katikati jua linaiharibu, na jua hilo limewachosha hadi wanalichukia. Msimulizi anakiri kwamba walikaa kule juu kupita kiasi. Mimi naona hapo ndipo hadithi ilipo, ila wengi tunapapita mbio ili tufike kwenye maiti.

Maiti yenyewe ni ya mke wa mkulima aitwaye Olz. Alifariki Desemba, theluji ikiwa imefunga njia, na mumewe akalazimika kumhifadhi kwenye banda la kuni mpaka njia ipitike. Mwili ukaganda, akausimamisha ukutani. Kila alipoingia usiku kukata kuni, alitundika chemli kwenye mdomo wa marehemu. Padri alipoona uso umeharibika akamhoji, na Olz akajibu bila kuficha. Akaulizwa kama alimpenda mkewe. Ndiyo, alimpenda sana.

Usomaji wa haraka unasema: ona milima inavyomgeuza mtu kuwa mnyama. Ndivyo anavyosema pia mwenye nyumba ya wageni, tena kuhusu wakulima wote. Nadhani Hemingway anamtega msomaji anayekubaliana naye. Hebu tazama nani anasimulia: mwenye nyumba ya wageni na mtunza kanisa, mezani, kwenye vinywaji, na mtunza kanisa amenogewa kabisa. Olz mwenyewe alikuwa humo humo muda mfupi kabla. Kanywa, kaondoka, kaenda kunywa kwingine. Jibu lake kuhusu mapenzi tunalipata likiwa limeshapita midomoni mwa wengine, na bado ndilo neno pekee la upendo katika hadithi nzima.

Na wale vijana je? Walichofanya na theluji, Olz alikifanya na maiti: kuishi na kitu mpaka kinaacha kuwa kile kilichokuwa. Tofauti ni kwamba wao walijichagulia kubaki, yeye alifungiwa. Wao wanaitwa wageni, wanaletewa bia. Yeye anaitwa mnyama.

Hapo ndipo kicheko kiliponikwama. Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya mgane mmoja wa kijijini, kisa cha ajabu, kikasomwa sana. Nilikipata kwa jirani yake na kwa kiongozi wa kitongoji. Mwenyewe alikuwa amekaa chini ya mwembe, hatua kama ishirini hivi. Nilimpiga picha tu.

Kitu kimoja sikipendi: jina la hadithi. Linaahidi kisa kitamu cha maisha ya shamba, na kejeli yake inapiga kelele pasipohitajika. Hadithi yenyewe inanong'ona, wala haikuhitaji kengele mlangoni.

Lakini mwisho wake ni mzuri mno. Msimulizi anataka kujua kama kisa ni cha kweli. John anataka kujua habari ya chakula. Chuoni nilidhani huo ni utani wa kufungia.