Kaburi kama Matini: Uhakiki wa Usomaji wa Maandishi ya Makaburi ya Kale ya Pwani

1.0 Utangulizi

Makala hii inahakiki mazoea ya kitaaluma ya kuyasoma maandishi ya makaburi ya kale katika mwambao wa Afrika Mashariki. Hoja yake ni moja: maandishi hayo yamesomwa zaidi kwa ajili ya tarehe, na usomaji huo umewaweka kando Waswahili katika makaburi yao wenyewe. Athari zake haziishii vitabuni. Zimo pia katika sera za uhifadhi.

2.0 Usomaji wa tarehe

Mfano ulio wazi ni Gede, karibu na Malindi. James Kirkman, aliyeanza kazi yake huko mwaka 1948, alilikuta kaburi lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Kaburi hilo likawa egemeo la kukadiria umri wa vigae na majengo yaliyolizunguka, na mchango huo kwa akiolojia hauwezi kubezwa. Hata hivyo, jina ambalo kaburi hilo linajulikana kwalo hadi leo ni "Kaburi lenye Tarehe". Aliyezikwa humo hatajwi. Kinachotajwa ni mwaka.

Mwaka 1973, Freeman-Grenville na Martin walichapisha orodha ya awali ya maandishi ya Kiarabu ya pwani hii. Ni kazi ya msingi. Lakini mipaka yake, kama inavyojieleza yenyewe, ni lugha ya Kiarabu. Msomaji asiye mwangalifu huichukua mipaka ya orodha kuwa ndiyo mipaka ya utamaduni uliozalisha makaburi hayo.

3.0 Lugha ya jiwe na lugha ya jamii

Kutokana na usomaji huo limezuka dai kwamba, kwa kuwa jiwe limeandikwa Kiarabu, aliyelala chini yake ni mgeni. Dai hili linachanganya lugha ya jiwe na lugha ya jamii. Makaburi mengi ya Ulaya ya zama za kati yaliandikwa Kilatini, na hakuna anayedai kwamba wote waliozikwa humo walitoka Roma.

Ushahidi wa ndani ni bora zaidi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitafakari mauti na magofu ya Pate kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Utungo huo ni wa karne kadhaa baada ya kaburi la Gede, hivyo hauwezi kuthibitisha hali ya 1399. Unachothibitisha ni kwamba, katika zama zake, Kiswahili kilikuwa na hati na kilikuwa na lugha ya maombolezo. Kwa zama hizo, basi, Kiarabu cha kaburini hakikutokana na upungufu wa Kiswahili. Inaelekea ulikuwa mgawanyo wa kazi: jiwe lilipewa lugha ya dua, ushairi ukapewa lugha ya huzuni.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, inatufundisha zaidi. Kaburi la mnara lililoko huko lina mwaka 1094 Hijria, takriban 1683. Watu wa Shela wamekuwa wakilizuru ili kuomba mvua. Anayekwenda Takwa kwa dua haendi kutafuta tarehe. Yeye ni msomaji wa kaburi ambaye orodha zetu hazimhesabu.

4.0 Athari kwa sera

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hutumia mwaka 1863 kama mstari wa ulinzi wa moja kwa moja. Majengo ya baada ya hapo huhitaji kutangazwa. Tarehe imekuwa tena kipimo cha thamani. Lakini makaburi ya vijijini yenye maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, mengine yakiwa yamechorwa kwa msumari katika saruji mbichi, kwa kawaida ni ya baada ya mstari huo. Hivyo sheria hulinda jiwe la Kiarabu kwa sababu ni kongwe, na kuliacha la Kiswahili kwa sababu ni changa. Hili la pili ndilo linaloonyesha jinsi wanakijiji walivyoanza kuwaandika wafu wao kwa lugha wanayoizungumza, na saruji hiyo inachakaa kwa mvua kila mwaka.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila chapisho la maandishi ya kaburini litoe matini nzima pamoja na tafsiri ya Kiswahili, na jina la marehemu litangulie tarehe. Pili, kumbukumbu za makaburi ziandikwe pamoja na desturi za ziara na dua zinazoyahusu, kwa idhini ya familia na wazee wa mahali. Tatu, mamlaka ya kutangaza ambayo tayari yamo katika sheria yatumike kwa makaburi teule ya Kiswahili, kwa kigezo cha lugha badala ya umri pekee. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri sheria mpya. Yanasubiri wasomaji watakaouliza kwanza ni nani aliyezikwa, kisha lini.